Nywele ndizo za mwisho kurudi

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ugonjwa gani umekubadilisha mwonekano, na unaishi vipi na mabadiliko hayo?" Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Tezi yangu ya shingo, wenyewe wanaiita thairoidi, haitoi homoni ya kutosha, na imenipunguzia nywele. Nina neno moja kwa wenzangu wenye tatizo hili: ukishaanza dawa, kila kitu mwilini kitatangulia kupona kabla ya nywele. Usikate tamaa njiani.

Kwangu zilijionyesha kazini kabla ya kwenye kitana. Unashona gauni jeupe la komunio la mtoto wa watu, ukigeuza pindo unakuta unywele wako umeshonewa ndani, unafumua pole pole kwa ncha ya sindano usije ukachana kitambaa. Ikafika mahali hakuna nguo iliyokwenda kupigwa pasi kabla sijaitazama mwangani. Wakati huo navaa sweta mwezi wa Oktoba, jua la Dodoma likiwaka, uso umevimba, choo kigumu, usingizi hauishi. Ncha za nje za nyusi zilipukutika, nikawa nazimalizia kwa wanja.

Majirani walikuwa na majibu yao. Wengine walisema nimerogwa, wengine wakanong'ona mambo ya virusi, na shangazi akaniletea mafuta ya nyonyo. Mafuta hayo yanalainisha nywele kavu, sikatai, ila hayafiki kwenye tezi. Jibu lilitoka kwenye damu, kwa kipimo cha TSH. Hiyo ni homoni inayotoka chini ya ubongo kuihimiza tezi ifanye kazi. Yangu ilikuwa juu sana, maana yake tezi inahimizwa na haiitiki.

Nikaanzishiwa vidonge vya levothairoksini, yaani homoni ya kuziba pengo la ile ambayo tezi haitoi ya kutosha. Baada ya wiki kadhaa mwili ulichangamka, lakini nywele zikaendelea kudondoka, na hapo ndipo wengi wanapochoka. Daktari alinifafanulia vizuri: unywele ukishaacha kukua hukaa kichwani kama miezi 3 ndipo uanguke. Kwa hiyo huo unaouokota leo kwenye mto huenda uliacha kukua hata kabla hujameza kidonge cha kwanza. Mpya nao unakua kwa karibu sentimita 1 tu kwa mwezi. Kuona tofauti ni suala la miezi mingi, na wapo ambao hazirudi zote. Dozi inapangwa kwa kupima damu tena baada ya wiki 6 hadi 8, haipangwi kwa kujitazama kwenye kioo. Nasikia akina mama wanaoacha dawa kwa kuwa "haisaidii nywele", na wengine wanajiongezea wenyewe. Nawasihi, msifanye hivyo. Homoni ikizidi inadhuru moyo na mifupa, na nywele zinanyonyoka vile vile.

Kidonge nakimeza alfajiri kwa maji matupu, chai inasubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu nakaa saa 4 kabla ya kuvigusa, maana vinazuia dawa isiingie mwilini vizuri. Ukiwa unatumia vile vidonge vya nywele vyenye bayotini, ambayo ni aina ya vitamini B, mwambie daktari kabla ya kupima, vinaweza kupotosha majibu. Muulize pia kuhusu kipimo cha madini ya chuma, kwa sababu upungufu wake nao unaangusha nywele.

Aliyenivusha kipindi kile ni msusi wangu. Nilimweleza ukweli kabla sijafungua kilemba. Akashusha pazia la mlangoni, akapitisha vidole taratibu pembeni mwa paji la uso, akasema, "Dada, rasta tuziache kwanza, zitavuta na hizi zilizobaki." Alikuwa sahihi kabisa. Nywele zikivutwa kwa nguvu muda mrefu, mashina yake hufa, na hasara hiyo kidonge cha tezi hakiiondoi. Siku hizi ananifunga mabutu makubwa yaliyolegea, dawa ya kunyoosha hatugusi. Wigi nilijaribu, lakini kwa upepo wetu wa Julai unatembea mkono uko kichwani. Kilemba cha pamba kinatulia, nacho nakishona mwenyewe kwa masalio ya vitambaa.

Kwenye kikao cha vikoba wakiniuliza mbona sisuki tena, nasema wazi kuwa ni thairoidi na ninatumia dawa. Minong'ono ilipungua nilipoanza kusema hivyo, na baadhi yao hunifuata pembeni, wananieleza uchovu wao na baridi isiyoisha. Nawaambia waende wakapime damu. Nyusi zangu zimejaa. Utosini bado ni pembamba, na dawa naendelea nayo.