Kipindupindu kimeingia mtaani, shule ifungwe?

Dada, umeuliza kama mwalimu mkuu anakosea kutofunga shule wakati kipindupindu kimeshaingia mtaani kwenu. Naona hakosei, ila kwa masharti. Kipindupindu hakisambai kwa kukohoa kama Uviko. Kinapita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kwa hiyo nenda kaangalie choo cha shule. Ndoo yenye koki ipo mlangoni? Ina maji saa hizi? Sabuni ipo, au imefungiwa ofisini? Hiyo ya kufungiwa ofisini naikuta mno, na inaniumiza. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, na wanaouza maembe ya kukatwa na barafu getini wasimamishwe kwanza.

Mtoto akianza kuharisha majimaji, kama maji yaliyooshea mchele, asirudishwe nyumbani peke yake kwa miguu. Anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya saa chache. Apewe ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) palepale huku akikimbizwa kituo cha afya. Ikikosekana, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Zambia mwaka 2024 walisogeza kufungua shule kutoka 8 Januari hadi 12 Februari, lakini mlipuko wao ulikuwa mkubwa sana. Kwenu, ulizeni kwanza kama kisima cha mtaani ni salama kuliko bomba la shule, maana shule ikifungwa ndiko watoto watakakokunywa.