Vim: kwa nini njia ya faili inapotea ukihama folda

Swali: Natumia Vim, ile programu ya kuediti maandishi. Nimeigawa vimrc yangu (faili la mipangilio ya Vim) vipande, na mapping.vim iko folda moja na vimrc. Ndani nimeandika hivi:

execute 'source ' . expand('%:p:h') . '/mapping.vim'

Nikifungua Vim nikiwa humohumo kwenye hiyo folda inakubali, nikienda folda ya kazi inaniletea E484, yaani kosa la kushindwa kufungua faili. Shida iko wapi?

Jibu: Shida ni hiyo %. Wengi wanadhani % ni faili lenye huo mstari, hapana, % ni faili unaloliediti. Kwa hiyo ukifungua ~/kazi/ripoti.txt, Vim inaenda kuitafuta mapping.vim ndani ya ~/kazi, haioni kitu, inakurushia E484. Na ukifungua Vim tupu bila faili lolote, %:p:h inakupa folda uliyopo muda huo, ndo maana ukiwa humohumo inakubali.

Unayoitaka wewe ni <sfile>, yaani skripti inayosomwa wakati huo:

let s:hapa = expand('<sfile>:p:h')
execute 'source ' . fnameescape(s:hapa . '/mapping.vim')

Hiyo fnameescape usiiache, siku folda ikiwa na herufi kama % au # kwenye jina utaihitaji. Na kama ~/.vimrc yako ni simlinki tu (kiungo kinachoelekeza kwenye faili la mahali pengine), faili lenyewe liko kwenye folda ya dotfiles, yaani unapoweka mafaili yako ya mipangilio, basi :p haiifuati simlinki, itakuishia kwenye folda yako ya nyumbani (~). Hapo mstari wa kwanza uwe:

let s:hapa = fnamemodify(resolve(expand('<sfile>:p')), ':h')

Sasa zile herufi za nyuma, yaani :p, :h, :t na :r. Zinafanya kazi moja baada ya nyingine kutoka kushoto. Tuseme umefungua /home/asha/kazi/ripoti.txt: %:p ni njia nzima, %:p:h inakata kipande cha mwisho unabaki na /home/asha/kazi, ukiongeza :h nyingine unapanda tena hadi /home/asha, halafu %:t ni ripoti.txt na %:t:r ni ripoti bila .txt. Ukitumia :p ianze yenyewe.

Kwenye :e (amri ya kufungua faili) huhitaji expand, ukiandika :e %:h/nyingine.txt Vim inajijazia yenyewe, ila ndani ya let au echo % haigeuki kitu mpaka uipitishe kwenye expand(), na hapa ndo naona watu wanapoteza muda mwingi kweli.

Kitu kingine muhimu sana, usiiite <sfile> ndani ya fankisheni. Mle ndani haikupi tena njia ya faili, inakupa majina ya fankisheni zilizoitana, kwa hiyo iweke kwenye s:hapa juu kabisa ya skripti, nje ya kila fankisheni, kisha fankisheni zako zitumie s:hapa. Ukishabadilisha ongeza echom s:hapa chini yake, fungua Vim ukiwa folda tatu nne tofauti, angalia :messages, jibu linatakiwa liwe lilelile kila mahali.