Uzamivu wa saikolojia ya afya: Uingereza au nisubiri Marekani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina uzamili wa saikolojia tiba, nafanya kazi kliniki ya kisukari Mwanza. Wagonjwa wangu wengi huacha dawa, na nataka kusomea jambo hilo kisha nirudi. Nimepata nafasi ya PhD ya saikolojia ya afya Uingereza, lakini wenzangu wanasema nisubiri niombe Marekani, ndiko kwenye leseni ya kutibu. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako hawajakosea kuhusu leseni. PhD ya Uingereza itakufanya mtafiti tu. Kule jina la mwanasaikolojia wa afya linalindwa kisheria. Hulitumii mpaka usajiliwe na Health and Care Professions Council, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na PhD peke yake haikusajili. Marekani nako, American Psychological Association, chama cha wanasaikolojia wa huko, haitoi ithibati kwa uzamivu wa saikolojia ya afya ukiwa peke yake. Mwenye kutaka leseni huingia saikolojia tiba yenye mkondo wa afya, kama ilivyo University of Pittsburgh, na humalizia kwa mwaka mzima wa mafunzo kazini. Hesabu miaka 5 au 6. PhD nyingi za namna hiyo hukusamehe ada na kukupa posho. PsyD, yaani uzamivu unaolenga tiba kuliko utafiti, mara nyingi unajilipia.

Lakini leseni ya Marekani utaifanyia nini Mwanza? Kukaa na mgonjwa unakaa tayari. Unachokosa ni ujuzi wa kuchunguza kwa nini mama aliyepewa metformin, dawa ya kisukari, leo, mwezi ujao harudi. Huo ni utafiti, na nafasi uliyonayo mkononi inautosha, mradi msimamizi wako awe anashughulika na ufuasi wa dawa hasa, yaani wagonjwa kutumia dawa kama walivyoelekezwa. Soma makala zake za karibuni. Kama anachunguza msongo wa wanafunzi wa London, usiende, hata chuo kiwe na jina kubwa kiasi gani.

Waombe wanafunzi wake wa sasa mzungumze bila yeye kuwepo: anasoma rasimu zao kwa wakati? Waliotangulia wamemaliza?

Halafu fedha, na hapa nakusihi usione haya. Ukikusanya data Mwanza utahitaji kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), nauli, na posho za wasaidizi. Barua nyingi za ufadhili hutaja ada na kujikimu, zikanyamaza kuhusu hayo. Waulize kwa maandishi kabla hujasaini.