Maswali ya Wasomaji: Nyota Tatu za Februari

SWALI: Mwezi wa Februari, saa 3 usiku, nyota tatu zilizojipanga mstari zilikuwa utosini. Sasa ni Julai, nimezitafuta kila upande sizioni. Zimekwenda wapi? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Zipo, ila unazitafuta saa isiyo yake. Huo ni mkanda wa Jabari, kundi ambalo wengine hulijua kama Orioni. Kwa kuwa Dunia inalizunguka Jua, kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana yake, yaani saa 2 kwa mwezi. Juni Jua lilikuwa upande huohuo, mkanda ukamezwa na mwanga.

Katikati ya Julai amka alfajiri: unachomoza mashariki kwenye saa 11 kasorobo. Katikati ya Agosti ni saa 9 kasorobo usiku, Oktoba saa 5 kasorobo, na Desemba unachomoza Jua likizama. Wengi huukosa kwa sababu wanatafuta mstari uliolala. Ukichomoza huku kwetu, nyota zake husimama wima, moja juu ya nyingine. Ubaya ni kwamba Desemba ndipo mvua za Dodoma zinapoanza. Mawingu yakifunguka usiku usingoje kesho, maana mvua imeshaosha vumbi hewani.

Kwa sasa, saa 3 usiku, tazama kundi la nyota la Nge. Nyoosha mkono ukunje ngumi: ni kama digrii 10. Kutoka utosini shuka ngumi mbili kuelekea kusini, utakuta nyota nyekundu, moyo wake. Mkia umejikunja kushoto kwake. Kaa gizani dakika 20 hadi 30 kwanza, simu ikiwa mfukoni. Ukiiwasha mara moja tu, macho yanaanza upya.

SWALI: Chati niliyoipakua mtandaoni ina Nyota ya Kaskazini. Mbona siioni? (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Chati hiyo imechorwa kwa ajili ya Ulaya. Dodoma iko digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo haivuki upeo wa macho hata siku moja. Tafuta chati ya latitudo 5 au 10 kusini.

Ukitaka kujua dira, tumia Salibu, ule msalaba wa nyota nne. Mwishoni mwa Mei, saa 3 usiku, husimama wima ngumi tatu na nusu juu ya upeo. Teremka moja kwa moja hadi ardhini, hapo ni kusini. Ikiwa imeinama, refusha mti wake mrefu mara 4 na nusu kuelekea mguuni, ndipo uteremke. Oktoba jioni usihangaike nayo, imezama na Jua.