Mkuu, sailensa ya kati usikubali ikatwe

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika hapa jukwaani eti Jumamosi unaipeleka Altezza yako gereji, wakate sailensa ya kati na masega (kile kichujio cha moshi, katalisti), wachomelee bomba tupu mpaka kwenye sailensa kubwa ya nyuma, ingurume ukipita Shangani, Mtwara. Ndicho nilichofanyiwa mimi, gari kama yako, silinda 4.

Pale gereji ni tamu, sibishi. Unakanyaga mafuta gari imesimama, bodaboda wanageuka, fundi anacheka, unalipa. Mimi yalinikuta barabara ya Masasi, mama mkwe kakaa nyuma. Kupita Mnazi Mmoja nikashika spidi 90, mshale wa mizunguko ya injini kwenye elfu tatu, ukaanza mvumo mzito unaokaa masikioni na kifuani, kioo cha kati kinatetemeka. Mama kimya mpaka Nyangao. Hapo akaomba ashuke asubiri basi. Akapanda basi kweli! Nikalifuata nyuma peke yangu, kama msafara wa harusi iliyovunjika.

Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inatema moshi mara 100 kwa sekunde. Mapigo hayo hutoa sauti nzito ya chini, ndiyo inayojaa ndani ya gari, na sailensa ya kati ipo pale kuiua. Namba za desibeli (kipimo cha kelele) unazooneshwa hazikusaidii: hupimwa gari imesimama, nusu mita toka mdomo wa bomba. Wewe unakaa huko nje? Na desibeli 10 zikiongezeka, sikio husikia kama kelele imekuwa mara mbili, siyo "kidogo tu, bosi".

Yule fundi! "Masega yanabana pumzi, ukitoa gari inakuwa nyepesi." Nguvu sikuiona, niliambulia harufu ya moshi kwenye nguo. Masega akabaki nayo, eti ananisaidia kutupa. Mkuu, mle mna platinamu, watu wanayanunua! Nimemlipa anikatie, na zawadi nikamwachia. Sailensa ya kati ya mtumba ikabidi iagizwe Dar, ije na basi, ichomelewe upya, gharama ikapita ile ya mwanzo. Masega sijarudisha mpaka leo. Bei usiniulize.

Badilisha ya nyuma tu, mbele yake pasiguswe. Na hela usimalizie mpaka umeipeleka Mikindani na kurudi, vioo juu, spidi 80 kwenda mbele, fundi kakaa nyuma. Akikataa kupanda, chukua funguo uondoke.

Uliuliza nini kingine, bomba la inchi ngapi? Na trafiki? Wadau watakujibu.