Maswali ya Wasomaji: Usingoje Mwezi Ukubadilishe

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Nacheza The Sims 4, ule mchezo wa kuiga maisha ya watu, kwenye kompyuta ya kaka yangu, na tangu tuliponunua kifurushi chake cha nyongeza kiitwacho Werewolves, mhusika wangu ambaye ni mtu-mbwamwitu amenishinda. Kila mwezi unapokuwa mpevu hubadilika, akaparura makochi, akavunja vyombo na kumtisha mkewe, nami hubaki kutazama tu. Nimekwisha kuitengeneza nyumba upya mara tatu. Nifanye nini?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Wewe unakaa mahali ambapo watu wanaujua mwezi vizuri, basi nianzie hapo. Mvuvi wa kwenu hangoji bamvua ijae ndipo akimbilie ngalawa yake, kwani anajua tangu siku kadhaa kabla kwamba maji yatapanda, naye huisogeza mapema. Mhusika wako anahitaji utaratibu huohuo, na naona kwamba tabu yako yote imetokana na kuusubiri mwezi umkute ndani.

Kifurushi hicho kilitoka tarehe 16 Juni 2022, na wakati huohuo mchezo wenyewe ukaongezewa bila malipo mzunguko wa mwezi wenye sura nane, kuanzia mwezi mwandamo hadi mpevu na kurudi. Kwa hiyo kalenda ya mchezo hukuonyesha ni usiku gani mwezi utakuwa kamili, nawe huna sababu ya kushtukizwa. Mwezi, hata hivyo, ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni kile kipimo cha ghadhabu alichonacho kila mtu-mbwamwitu, ambacho hupanda polepole kwa mambo ya kila siku: njaa, kukosa usingizi, uchafu, ugomvi na mtu, au jambo lililomharibikia mikononi. Kipimo kikijaa, mhusika hugeuka mnyama hata kama ni mchana na hakuna mwezi wowote, amri zako hazimfiki tena, na hutulia pale tu ghadhabu inapokwisha, akiwa hoi kwa uchovu.

Niliyaelewa haya usiku mmoja nilipokuwa nimezama katika kupanga jikoni ya mhusika wangu, naye nimemwacha na njaa tangu asubuhi huku wageni wamejaa sebuleni. Sikumtazama. Kile kipimo kilikuwa kimebakisha kidogo kujaa, na mgeni mmoja alipomwambia neno la kuudhi, kikamalizikia. Alijikunja, mgongo ukatoka manyoya, na kochi nililokuwa nimelinunua siku ileile likawa la kwanza kupatikana. Nilipofikiri baadaye niliona kwamba mwezi haukuhusika kabisa, na kwamba sahani moja ya chakula saa sita mchana ingeliepusha jambo zima.

Ushauri wangu, kwa hiyo, ni kwamba umbadilishe mwenyewe, kwa hiari yako, kabla hajabadilishwa. Mchana wa siku ya mwezi mpevu mlishe ashibe, mlaze, mwoshe, na magharibi ikiingia mtoe nje ya nyumba umpeleke porini, na huko ndiko ugeuke naye. Akiwa mnyama kwa amri yako bado anakusikia: atawinda, atabweka kwa mwezi, atatafuta vitu ardhini kwa kunusa, na kila afanyalo humwongezea uzoefu wa kupanda daraja. Madaraja yako manne, na kila anavyopanda hupata alama za kununulia uwezo mpya. Nakusihi alama za mwanzo uziweke katika uwezo wa kujidhibiti, si katika nguvu za kupigana, ingawa najua vijana wengi huanza na kupigana. Mchezo pia unakuruhusu kuzima kabisa athari za mwezi katika mipangilio yake. Mimi sikushauri ufanye hivyo, kwa sababu utabaki na mtu mwenye manyoya tu, na kile kilichokufanya ununue kifurushi kitakuwa kimeondoka.

Jambo moja la kwetu: hifadhi mchezo kabla ya kila mwezi mpevu, kwani umeme ukikatika katikati ya usiku huo utarudishwa nyuma sana.

SWALI: Mhariri, mhusika wangu wa The Sims 4 amehamia Moonwood Mill, mji wa watu-mbwamwitu, na makundi yote mawili ya huko yanamtaka. Lipi bora?
Msomaji, Michenzani, Unguja

JIBU: Inategemea unataka kuishi vipi. Moonwood Collective, linaloongozwa na Kristopher Volkov, linataka watu wake waitawale hali yao na washikamane kama jamaa. Wildfangs wa Rory Oaklow wanaona kwamba kujizuia ni kujikana, na kwao ghadhabu ni kitu cha kuachiwa. Kwa anayeanza nasema ingia kwa Volkov, ujifunze kujizuia kwanza, maana anayejua kujizuia anaweza kuachia siku akitaka, lakini aliyezoea kuachia hupata shida kurudi. Unaweza vilevile usiingie popote. Na ukikutana na Greg msituni, yule asiye na kundi, mpishe njia.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mwanangu wa miaka kumi na mitatu hucheza mchezo ambao ndani yake yeye ni mtu anayegeuka mnyama usiku. Juzi nilimsikia akisema peke yake chumbani, “Leo nageuka,” mwili ukanisisimka. Mimi ni mtu niliyeyaona ya Popobawa, yule jini aliyesemwa kuwavamia watu usiku, mwaka 1995, tulilala nje wilaya nzima. Jirani yangu ananiambia huu ni uchawi unaoingizwa nyumbani kwa kompyuta. Nimzuie?
Mama wa Mkunazini, Unguja

JIBU: Marahaba, mama yangu. Kwanza, hofu yako naiheshimu, na aliyelala nje mwaka ule hahitaji kuambiwa na mtu kwamba hofu si kitu. Lakini mambo haya mawili ni mbalimbali. Mtu anayegeuka mbwa mwitu ni hadithi ya kale ya watu wa Ulaya, ambako mnyama huyo alikuwa akila mifugo yao na wakimwogopa usiku. Kisiwani kwetu hayupo, na wengi wetu tulimsikia mara ya kwanza chuoni, katika kisa cha Nabii Yusuf, ndugu zake walipomsingizia kwamba ndiye aliyemla. Waliotengeneza mchezo wameichukua hadithi hiyo kama sisi tunavyomchukua sungura na fisi katika ngano zetu. Hakuna dua inayosomwa, wala kafara, wala jina linaloitwa. Mwanao anaposema “nageuka” anamsemea mhusika wake, kama mcheza karata anavyosema “nakula.”

Lakini sitakuficha lililo muhimu zaidi kuliko mnyama. Mchezo huu unaiga maisha yote ya watu wazima, pamoja na mapenzi na wivu wa ndoa, na katika nchi za Ulaya umewekewa umri wa kuanzia miaka 12. Mwanao yuko juu kidogo tu ya mpaka huo. Kwa hiyo usimzuie, ila itoe kompyuta chumbani uiweke ukumbini mnapokaa wote, na siku za shule ifungwe baada ya Isha.

Kisha kaa karibu naye jioni moja umwombe akuonyeshe kile kipimo cha ghadhabu nilichomweleza kijana wa Wete. Mwulize kwa nini kimepanda leo. Atakwambia mhusika hakulala, au hakula, au amegombana na mwenzake, na nadhani utamsikia mwanao akieleza hasira kwa utulivu ambao pengine hujawahi kuusikia kwake.