Steringi hafi, lakini analipa: ushauri wa mtazamaji wa siku nyingi

Kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kutazama picha kwa kiingilio, cha kwanza nilichoingia kilikuwa Mwananyamala, nyuma ya mashine ya kusaga. Madirisha yalizibwa kwa magunia, mabenchi yalikuwa mbao zilizolazwa juu ya matofali, na televisheni ya inchi 21 ilikaa juu, ndani ya kizimba cha nondo. Huku bara televisheni ilikuwa bado ngeni. ITV ilianza 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa na kituo chao tangu 1973. Mtaani kwetu nyumba zenye televisheni zilihesabika, kwa hiyo mtoto akipata hela ya andazi alikuwa na uamuzi mzito wa kufanya.

Humo ndani kulikuwa na sheria moja: steringi, yule shujaa mkuu wa picha, hafi. Adui awe na bunduki 20, awe na helikopta, awe na kikosi kizima msituni, steringi hafi. Mdogo mmoja akianza kujificha uso, kaka mkubwa wa benchi la nyuma alimtuliza: "Tulia dogo, steringi hafi." Tukatulia, tukangoja ngumi.

Nimeitazama sheria hiyo kwa miaka mingi. Ni ya kweli karibu mara zote, na ndiyo iliyonichelewesha kuzielewa picha nilizokuwa nazipenda. Ukishajua hafi, unaacha kumwangalia. Unaangalia milipuko tu. Nawaandikia wadogo zangu wanaoanza sasa kupenda tamthilia za mapigano, filamu za sayansi ya kubuni na katuni za kusoma, msipite njia ndefu niliyopita mimi.

Kilichonigeuza ni 24. Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 2001, na sisi tuliipata baadaye kwa DVD za Kariakoo. Msimu mmoja una episodi 24, na kila episodi ni saa moja ya siku moja ileile, saa ikihesabika kwenye kioo. Jack Bauer, wa kikosi cha kupambana na ugaidi, anakimbia siku nzima kumwokoa mgombea urais, huku mkewe na binti yake wametekwa. Mimi na mdogo wangu tuliimaliza kwa usiku sita. Usiku wa mwisho mama alikuwa sebuleni anachambua mchele kwenye sinia, hatazami, anasikiliza tu.

Jack anawaua maadui zake, binti yuko salama, siku imekwisha. Sisi tumeshaanza kushangilia. Halafu anaingia kwenye chumba kimoja cha ofisini kwake na kumkuta mkewe ameketi kwenye kiti, amepigwa risasi. Anamkumbatia, anamwomba radhi. Kila episodi ilikuwa ikiisha kwa mlio wa ile saa, lakini safari hii saa ilikuja bila mlio wowote. Sebule yetu nayo ikanyamaza. Kilichosikika ni mchele ukidondoka kwenye sinia. Mama akauliza bila kuinua kichwa, "Kafa nani?" Nikamwambia mkewe. "Na yeye?" Yeye mzima. Mama akasema, "Mzima wapi."

Tangu hapo nikikaa kutazama siulizi tena kama steringi atakufa. Nauliza atalipa nini. Jaribu usiku wa leo na picha yoyote ya ngumi uliyo nayo kwenye flashi, hata ile unayoijua kwa moyo. Kama steringi anamaliza picha akiwa vilevile alivyoanza, hana alichopoteza, hana alichojifunza kwa maumivu, hiyo ni maonyesho ya mazoezi ya viungo. Tazama ufurahi, lakini usiipe usiku mzima.

Watunzi wazuri wa katuni walilijua hili mapema. Spider-Man alipotoka mara ya kwanza 1962, kwenye toleo la 15 la jarida la katuni Amazing Fantasy, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko, alikuwa kijana wa shule aliyepata nguvu na kuanza kuzitafutia hela. Mwizi anakimbia mbele yake, yeye anamwacha apite kwa sababu hayamhusu. Mwizi huyohuyo ndiye anayemuua Uncle Ben aliyemlea. Kurasa 11 tu, na bei imeshalipwa. Picha zote za Spider-Man zilizofuata zinakula kwenye sahani hiyo.

Au mchukue Michael Scofield wa Prison Break, iliyoanza 2005 na kuitikisa Dar es Salaam nzima. Wakati ule ulikuwa huwezi kupanda daladala bila kusikia jina hilo. Watu walizungumzia tatuu, ramani ya gereza iliyochorwa mwilini mwake. Mimi nilichokiona ni vidole vya mguu. Mapema kabisa, kabla mpango haujafika popote, anakatwa vidole viwili, na hapo nikaamini kwamba akili yake haitamlinda na kila kitu. Niseme pia jambo ambalo mashabiki wenzangu hawalipendi: msimu wa kwanza una episodi 22, wanaruka ukuta, na kazi kubwa ya hadithi ile imekwishafanyika. Msimu wa pili bado una nguvu. Baada ya hapo niliendelea kwa mazoea, na nilipofika mwisho sikuwa na la kumsimulia mtu. Kuacha tamthilia katikati si dhambi. Hakuna anayekudai.

Kwenye filamu za sayansi ya kubuni watu wengi wa kwetu hukwama mwanzoni. Wanaona vyombo vya angani na viumbe wenye masikio marefu, wanasema hizi za watoto. Ushauri wangu ni kutafuta kitu kimoja kilichobadilishwa. Mtunzi mzuri hachezei dunia nzima. Anabadili jambo moja, kisha anawaacha binadamu waendelee na ubinadamu wao. District 9 ya 2009, ya Neill Blomkamp, imebadili jambo moja tu: chombo kutoka anga za mbali kimesimama juu ya Johannesburg na hakiondoki. Yanayofuata tunayajua bila kufundishwa. Wageni wanafungiwa kwenye vibanda vya mabati, wanaitwa majina ya dharau, na siku moja anakuja ofisa na karatasi anataka wasaini wahamishwe. Mtu yeyote aliyewahi kuona alama nyekundu ya X, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, imepakwa kwenye ukuta wa nyumba ya jirani yake anaielewa picha ile kuliko mtazamaji wa Hollywood. Na angalia steringi wake, ofisa huyohuyo, analipa nini. Analipa mwili wake wenyewe, kiungo kwa kiungo.

Kuna filamu nyingine ambayo kila anayesoma Kiswahili angeijua kama mambo yangekwenda sawa. Inaitwa Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009, ina dakika 20 na ushei. Vita vya maji vimeumaliza uso wa dunia, watu wanaishi ndani, hata jasho linakusanywa na kusafishwa linywewe. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anaotesha mbegu, na anatoroka kwenda jangwani kuipanda. Maji aliyo nayo ni kidogo, na anaupa mche. Mimi niliitazama kwenye simu, nimekaa kwenye foleni ya ndoo, bomba la mtaa likitoa maji kama uzi. Steringi wa Pumzi havunji mlango wowote kwa teke. Lakini nikipanga mashujaa wangu, Asha anakaa juu ya makomando wote.

Wanaosema sayansi ya kubuni si yetu nawakumbusha Uhura. Star Trek ilipoanza Septemba 1966, ofisa wa mawasiliano kwenye chombo kile alikuwa mwanamke mweusi, akiigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake lilitolewa kwenye neno letu uhuru. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuondoka. Alisimulia mwenyewe kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa sababu watoto weusi walikuwa wanamwona akifanya kazi ya heshima mbele ya nchi nzima. Mimi nililipata jina hilo nikiwa mtu mzima, na nilirudi kuzitazama episodi za zamani kwa jicho jingine.

Na kwa vijana wanaotaka kupiga picha zao wenyewe: ule utaratibu wa Star Trek wa mtu kuyeyuka hapa na kutokea kule ulizaliwa na ukata. Kupiga picha ya chombo kikitua kila wiki kulikuwa gharama kubwa mno, wakaona bora watu wayeyuke. Nawaambia hivyo wanaoniandikia kwamba Bongo hatuwezi sayansi ya kubuni kwa sababu hatuna kompyuta kubwa. Hadithi yenyewe tunayo siku nyingi. Katama Mkangi aliandika Walenisi mwaka 1995, kwa Kiswahili: Dzombo amehukumiwa kifo, anaingizwa kwenye chombo cha kumpeleka angani akafie huko, naye anafika kwenye sayari nyingine, Walenisi. Litamke jina la sayari hiyo polepole. Wale ni sisi.

Upande wa mapigano vilevile. Kabla Jack Bauer hajabuniwa, Elvis Musiba alikuwa ameshampa Willy Gamba bastola na pasipoti katika Kufa na Kupona, 1974, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na majasusi hawakuwa jambo la kuota. Kama una mdogo wako anayesema kusoma kunamchosha, mpe Willy Gamba kwanza.

Kuhusu picha zilizotafsiriwa, najua wapo wanaozidharau. Mimi sizidharau. Lufufu, aliyekuwa akizitafsiri picha kwa sauti yake, na waliomfuata walikuwa wanafanya kazi ya msimuliaji wa kale: anaisimulia picha, anaonya, anamtania adui, anakueleza desturi ya nchi ya watu. Bila wao wazee wa mtaa wetu wasingekaa benchi moja na sisi. Ninachoshauri ni kutazama mara mbili. Kwanza na msimuliaji, pamoja na wenzako, mcheke mpige kelele. Kisha peke yako, bila msimuliaji, usikie pale ambapo waigizaji wananyamaza. Msimuliaji huwa anaujaza ukimya, na mara nyingi bei inalipwa ndani ya ukimya huo. Ile saa ya 24 isiyo na mlio, kwenye nakala iliyotafsiriwa, ingepita juu ya vichwa vyetu.

La flashi ni fupi. Kabla hujaondoka kwenye kibanda cha kuingiziwa muvi, mwombe mwenye kibanda afungue episodi ya mwisho mbele yako. Si ya kwanza, ya mwisho. Nimewahi kufika nyumbani na msimu mzima uliokatika dakika 10 kabla ya mwisho, na nikarudi kukuta kibanda kimefungwa kwa mwezi. Na ukipata nafasi, picha moja kubwa kwa mwaka itazame sinema, Mlimani City au kwingineko, kwa ajili ya sauti tu. Baba alituambia wao walikuwa wanakwenda Drive-in ya Msasani, gari zimepangwa, chakula kimefungwa kwenye kanga, mahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani. Kila tukipita pale alikuwa anapunguza mwendo.

Nimebakiza katuni, na hizi ndizo nilizoanza nazo. Kwa kinyozi wetu kulikuwa na rundo la Sani, jarida la katuni, zimelegea kwa kushikwa. Tulimjua Ndumilakuwili, tulimjua Lodi Lofa, Madenge alikuwa mwenzetu kabisa. Nilikuwa nakimbilia maneno ya mdomoni, nacheka, nafunua. Mzee kinyozi siku moja akaniwekea kidole juu ya ukurasa, akasema, "Hujaona. Tazama mbwa." Pembeni ya kila boksi kulikuwa na mbwa mdogo ambaye hakuna aliyemtaja, na mbwa yule alikuwa na hadithi yake mwenyewe kutoka boksi la kwanza hadi la mwisho. Nilirudi nyuma kurasa zote.

Katuni isome hivyo. Maneno kwanza haraka kama una njaa nayo, kisha rudi uzisome picha bila maneno. Halafu tazama ile nafasi nyeupe kati ya boksi na boksi. Boksi la kwanza mkono umeinuliwa, la pili mtu yuko chini. Kofi lenyewe halikuchorwa, umelipiga wewe. Filamu haiwezi kukupa kazi hiyo, inakufanyia kila kitu. Mchoraji wa katuni anakuachia, na kama amechagua vizuri cha kuacha, utakibeba siku nzima.

Pale barabarani kwa wauza vitabu vya zamani, Posta, niliwahi kununua katuni isiyo na jalada, ya Kiswahili, wino mweusi tu. Dereva wa lori amebeba mgonjwa usiku, mto umefurika, daraja linatikisika. Boksi la mwisho nililo nalo linaonyesha mkono wake ukizima taa za gari. Ukurasa unaofuata umechanwa. Nimemwonyesha mtoto wa mdogo wangu, ana miaka tisa, na ameshanichorea miisho minne, wa nne dereva anashuka na kumbeba mgonjwa mgongoni. Kama unayo nakala nzima, hata iliyolowa, niambie. Nitakufuata hata Kigamboni.